Unywele wa Herufi

Tarehe 3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Simu ya Jumapili ilikatika kabla sijakwambia jambo lenyewe, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba simu ni ya salamu, kazi huandikwa. Basi naandika.

Ofisini nimepewa kazi ya kwanza iliyo yangu peke yangu. Kuna jarida la kina mama linabadilisha sura, na wenyewe wanataka herufi mpya za jalada na za vichwa vya habari. Si herufi za kusomea habari yenyewe, hapana. Wanataka zile kubwa, za kuvaa na kutoka. Mkuu wangu wa kazi aliponiuliza nitaanzia wapi, sikufikiri mara mbili. Nilimwambia nitaanzia kwenye ubao wa saluni ya jirani yetu.

Unakumbuka siku uliyouandika? Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo ya rangi, nasubiri zamu yangu ya kuweka nukta juu ya i, kazi pekee uliyoniamini nayo. Ulikuwa ukiishusha brashi bapa, nguzo inatoka nene. Ukiigeuza ubavu, unatoka mstari mwembamba mpaka nikadhani rangi imekwisha. Ukaniambia, "Huo ni unywele. Nguzo inabeba, unywele unashika." Halafu ukazivalisha herufi zote viatu, vile vikanyagio vidogo vya mwisho vinavyozifanya zisimame wima. Hapa ofisini kila kitu kina jina lake la kitaalamu, lakini kichwani mwangu bado ni nguzo, unywele na viatu.

Nakuletea karatasi ya kwanza. Itazame kama unavyotazama kazi ya mtu baki. Wanaihitaji mwisho wa Juni, na bila wewe kusema imekaa sawa, siitoi.

Mwanao,
Nukta


Tarehe 15 Machi

Kwa Nukta,

Marahaba. Salamu zangu zikufikie wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Mimi mzima. Mkono mzima, mguu mzima, na mdomo ndio usiseme.

Karatasi imefika. Nimeitazama mlangoni, nimeitazama dirishani, nimetoka nayo juani. Mwanangu, umeniletea herufi au umeniletea kuni? H ni nguzo mbili zisizojuana. A ina mguu mmoja, kilema. N imebaki ubao mmoja ulioegemea hewa. Unywele uko wapi? Nilikufundisha uwe mwembamba, sikukufundisha uupunguze mpaka uishe. Kazi ya herufi ni kusomeka. Unenepeshe.

Jambo la pili ni hiyo k. Umeipa mkia mrefu wa madaha unaopita chini ya jirani yake. Ingekuwa moja kwenye mtaa mzima ningesema hewaa. Lakini sisi k iko kila neno. Hapo ulipoandika "Kikombe kikubwa kimekaa kabatini" nimeona mikia tu, huyu kamkanyaga yule. Madaha yakiwa ya kila saa huwa usumbufu. Fupisha.

Mama Saluni anakusalimu. Wiki hii nimemwandikia ubao wake upya, maana ule wa zamani jua lilikuwa limeumaliza.

Baba yako,
Fundi


Tarehe 28 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimecheka na kuni zako, kisha nikarudi mezani. Karatasi ya pili hii hapa, na unywele nimeuongeza unene. Nilidhani ule wa kwanza ulikuwa kama wako wa ubaoni, lakini labda kumbukumbu imenidanganya. Nilikuwa mtoto, na mtoto huona kila kitu chembamba au kikubwa.

K sijaigusa. Mkuu wangu ameipenda, na mimi pia, kusema kweli.

Barua yako imejaza kurasa tatu kwa maneno ya ukurasa mmoja. Umenunua kalamu mpya, au umekuwa tajiri wa karatasi?

Nukta


Tarehe 9 Aprili

Kwa Nukta,

Marahaba. Wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu, mzima? Mimi mzima.

Kalamu ni ile nene ya kuandikia maboksi. Hizi za kawaida siku hizi wino wake mbovu, hauonekani.

Karatasi ya pili nayo bado. A inachechemea. H zimesogeleana lakini hazijasalimiana. Mwanangu, usione haya kunenepesha. Herufi si msichana wa kushindana kiuno.

Fundi


Tarehe 22 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nakuletea karatasi ya tatu, na nitasema ukweli, siipendi. Nimenenepesha unywele mpaka si unywele tena, ni kamba. Mkuu wangu aliitazama, akaniuliza kwa nini herufi zangu zimevaa magunia. Watu wa jarida nao wanauliza zile za mwanzo zimekwenda wapi. Nimewajibu kwamba fundi wangu hajaridhika.

Mimi nilitaka tu uzipende. Tangu nianze nimekaa na ubao wako kichwani, nachora, nafuta, narudia, na kila nikikuletea unaniambia A ni kilema. Hujaniambia hata mara moja kwamba S imekaa vizuri, na S ndiyo herufi ngumu kuliko zote, ni wewe uliyesema. Wakati mwingine nadhani huoni kabisa ninachokifanya.

Samahani kama nimevuka mpaka. Nimechoka.

Nukta


Tarehe 1 Mei

Kwa Nukta wangu,

Marahaba! Barua yako imenifurahisha sana. Kumbe mkuu wako amezisifu herufi na watu wa jarida wanazingoja kwa hamu! Nilijua. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Na mimi nakwambia karatasi ya tatu ni nzuri kuliko zote. A imeanza kupata mguu wa pili. Nenepesha tena kidogo tu, tutafika.

Baba yako anayejivuna,
Fundi


Tarehe 4 Mei

Kwako binti yangu Nukta,

Mimi ni Mama Saluni, jirani yenu. Usishtuke, hakuna aliyekufa. Baba yako anakula, anatembea, anabishana na kila mtu kama kawaida.

Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimechoka kumfichia. Barua zako zote msomaji ni mimi. Mwaka jana alikuja akaniambia miwani yake imevunjika, nikaamini. Miwani gani hiyo isiyotengenezwa mpaka leo? Huwa anangoja wateja wapungue, anakaa kwenye kiti cha kukaushia nywele, nami nasoma huku nasuka.

Ile yako ya tarehe ishirini na mbili, nilipofika pale ulipoanza kulalamika, nikamtazama alivyokaa. Kainamisha kichwa, anangoja kama mtoto wa shule anayengoja matokeo. Nikaruka. Tena sikuruka tu, nikajaza pengo na ya kwangu. Hayo ya mkuu wako kuzisifu ni yangu. Unisamehe, mama. Kazi yangu ni kusuka nywele, siku ile nikasuka na maneno.

Sasa tazama picha niliyoweka humu. Ndio ubao wangu mpya. Unasoma nini? "Saluni Ngarisha." Wateja wananiuliza huyo Ngarisha ni nani, ni mume wangu? Ritifaa haipo, ile alama ndogo ya ng'. Au tuseme ipo, ila utazame juu ya ubao, pale ukutani. Unakiona kile kitu cheusi chenye mkia? Siku ya kwanza nilidhani ni inzi, nikakipiga na taulo. Kumbe ni ritifaa ya baba yako. Ameipaka ukutani. Aliposhuka kwenye ngazi alirudi nyuma akautazama ubao, akaniambia, "Umekaa barabara." Nikamwambia ndiyo, umekaa. Ningesema nini?

Binti yangu, macho ya baba yako yana utando mweupe katikati. Hata mimi nauona nikimtazama karibu. Nina hakika anajua, ila hataki mtu amwambie. Ukipenda mwambie kwamba nimekuandikia, ukipenda usimwambie, shauri yako.

Mama Saluni


Tarehe 11 Mei

Baba, na Mama Saluni unayesoma,

Shikamooni wote wawili.

Mama Saluni, leo hakuna kuruka. Soma kama ilivyo, hata pale unapotajwa.

Baba, nimeiona picha ya ubao. Nilicheka ile ritifaa iliyotoroka, kisha nikajifungia chooni kazini nikalia. Ndiyo maana H ilikuwa nguzo mbili. Ndiyo maana A ilikuwa na mguu mmoja. Unywele ulikuwepo tangu karatasi ya kwanza, mwembamba kama wako. Mimi nakaa hapa nanenepesha herufi, kumbe tatizo haliko kwenye karatasi. Na ile barua yako ya furaha ilinikata maini kwa sababu nilidhani unanikebehi. Mama Saluni alikuwa amekusomea mambo ambayo sikuyaandika. Usimkasirikie, alifanya kwa huruma.

Nimemuuliza daktari wa macho aliye karibu na ofisi. Anasema hawezi kuapa bila kukuona, lakini dalili zote ni za mtoto wa jicho. Basi, Baba, una watoto wawili, mimi na huyo wa jicho. Mimi niliondoka nyumbani kwa miguu yangu. Mwenzangu hatoki mpaka atolewe. Anasema ni kazi ya muda mfupi, na siku hiyohiyo unarudi kulala kwako.

Nenda hospitali. Nakuomba.

Mwanao,
Nukta


Tarehe 20 Mei

Nukta,

Marahaba. Jirani alipofika pale anapotajwa sauti ilimkauka, nikajua mmeniwekea kikao. Tukanuniana. Jana kaniletea chai, kwa hiyo yamekwisha.

Nimesikia yote. Sasa nisikie na mimi. Naogopa. Ndiyo, nimesema. Wapi ulisikia jicho likatiwa kisu likashukuru? Sasa hivi nguzo naziona. Naona mlango, naona ngazi, namuona mtu kabla sijamgonga. Wakikosea, na nguzo nazo zimekwenda. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Wala sikukuficha kwa ubaya. Hakuna anayepeleka kitambaa kwa fundi asiyeiona sindano. Wakijua mtaani, nani ataniletea ubao? Brashi ndiyo inayonitoa kitandani asubuhi, mwanangu. Sina kingine.

Wewe peleka kazi yako kwa wenyewe. Rudisha unywele ulivyokuwa, usinisubiri. Mimi nimeona herufi za kutosha.

Fundi


Tarehe 28 Mei

Baba,

Shikamoo. Hujaona za kutosha. Hujaziona zangu.

Unywele wote nimeurudisha. Karatasi iko humu ndani, ni ileile ya kwanza, na najua kwako itakuwa kuni. Ibandike ukutani hivyohivyo. Watu wa jarida wameniuliza jina la herufi hizi, nikawaandikia "Unywele". Jina wamelipata, herufi hawajazipata. Siwapi mpaka uniambie umeona nini. Sikutishi, ndivyo ulivyonilea. Lini ulimkabidhi mtu ubao wake kabla hujarudi nyuma ukautazama? Mkuu wangu ameninunia. Atazoea.

Na mimi naogopa. Nikilala nafikiri kama kweli wakikosea, nitakuwa nimekusukuma mimi. Lakini nikiacha, kesho na keshokutwa hata nguzo zitakwenda zenyewe, bila kisu cha mtu. Daktari amesema hivyo na nilitamani asiseme. Basi tuogope pamoja. Nimeomba ruhusa, nitafika tarehe ishirini Juni. Twende mimi na wewe.

(Mama Saluni, asipojibu, mfinye.)

Nukta


Tarehe 7 Juni

Kwako binti yangu,

Soma hii kabla hujafunga begi. Baba yako ameshakwenda.

Juzi asubuhi kanijia amevaa shati lake jeupe, viatu kavipiga rangi. "Jirani," akasema, "funga saluni, tunatoka." Nilikuwa na mteja nusu kichwa! Nikamuuliza mbona hamngoji mtoto, si amesema anakuja? Akasema, "Sitaki anione natetemeka." Basi mimi nilimuona. Njia nzima kanishika mkono mpaka pete ikaniachia alama, na yule mteja akabaki vile na nusu yake, Mungu ambariki.

Wameanza na jicho la kulia. Jana wamelifungua. Daktari akamsimamisha mbele ya ule ubao wa herufi wa kupimia macho, akamwambia asome mpaka zitakapomshinda. Akasoma, akashuka, akasoma, mpaka karibu na chini kabisa. Halafu akamgeukia daktari akamwambia, "Aliyeziandika hizi hajui kuacha nafasi." Daktari alicheka mpaka akaketi.

Baba yako hakucheka. Machozi yalikuwa yanamtoka, ila kaniambia ni ile dawa ya matone. Nami nikasema ndiyo, ni dawa.

Mengine atakuandikia mwenyewe. Kanikataza kugusa kalamu.

Mama Saluni


Tarehe 12 Juni

Kwa Nukta wangu,

Marahaba. Salamu zangu zikufikie wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Upeo wenyewe umeongezeka, ila huko bado haujafika, kwa hiyo safari yako iko palepale. Njoo.

Mtoto wa jicho la kulia ametoka. Wa kushoto anangoja zamu yake. Kama unavyoona, naandika kwa kalamu ya kawaida. Wino haukuwa mbovu.

Nyumba yangu ina buibui ambao sikuwa na habari nao. Jirani ana mvi, nimemwambia, tumenuniana tena. Nikatoka nje kuutazama ubao wake. Nikaikuta ritifaa pale ukutani, peke yake, kama alivyokwambia. Mtaa mzima ulikuwa ukiiona, na hakuna hata mmoja aliyenicheka mbele yangu. Jana mwenye duka la viatu kaniuliza lini nitaanza ubao wake. Nikamwambia lakini ule wa saluni umeuona? Akasema ameuona, na ndiyo maana alikuwa anangoja nipone. Nikaaga.

Daktari amenikataza ngazi kwa sasa. Hivyo ukifika utapanda wewe, mimi nitakushikia chini, na utaiweka ritifaa mahali pake kati ya g na a. Ulianza na nukta, sasa unapanda cheo. Ile ya ukutani Mama Saluni anasema isifutwe, ameshaizoea.

Karatasi yako niliiacha mwisho makusudi. Nilinawa mikono, nikaibandua ukutani, nikakaa nayo mlangoni. Unywele upo, mwanangu. Upo wote. H zimeshikana mikono, A ina miguu yake miwili, na N haikuegemea hewa, ilikuwa imeshikwa pande zote mbili. Ni mwembamba mpaka nilibana pumzi nisije nikaupuliza. Nguzo inabeba, unywele unashika. Nilikuwa nimebaki na nguzo tu, na kila kitu kilikuwa kimeachana. Usinenepeshe hata kidogo. Wapelekee watu wa jarida hivi ilivyo.

Halafu nikatoa barua zako zote nikazisoma mwenyewe, tangu ya kwanza. Nikafika kwenye ile ya Aprili, kwenye mistari aliyoiruka jirani. Umeandika kwamba wakati mwingine unadhani sioni kabisa unachokifanya. Nikasoma, nikaikunja, nikaifungua nikasoma tena. Ulisema kweli. Sikuwa naona.

Sasa naona. S imekaa vizuri.

Hiyo k fupisha mkia.

Baba yako,
Fundi